Mwasho wa mama mja mzito usipuuzwe

Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alinijia akilalamika maumivu ya mgongo. Nilimpima, tukazungumza, akashukuru. Alipokuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, na huku chini kunaniwasha."

Alikuwa amevumilia kwa wiki tatu. Uchafu wa rangi ya manjano ulikuwa ukimtoka, wenye harufu. Dada yake alimshauri ajioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, naye akawa akifanya hivyo kila jioni. Nilipomuuliza kama amepimwa virusi vya Ukimwi, alifungua kijitabu chake cha kliniki. Alipimwa mimba ilipokuwa ya miezi mitatu, na hakuwa navyo. "Hilo nilishamaliza," akaniambia.

Akina mama wengi hufikiri kama yeye: kwamba mwasho ni jambo la aibu la kuvumiliwa, na kwamba kupimwa mara moja kunatosha. Mambo haya mawili yana uhusiano wa karibu, na ndiyo somo letu la leo.

Ulinzi unapovunjika

Uke wenye afya una ulinzi wake. Seli za ngozi yake zimebanana kama matofali ya ukuta. Juu yake kuna ute, na ndani ya ute huo huishi bakteria wazuri waitwao laktobasilasi, ambao hutengeneza asidi inayozuia vijidudu vibaya kustawi.

Ulinzi huo unaweza kuvurugwa na fangasi, trikomona, kisonono, klamidia, au bakteria wabaya wanapowazidi wazuri. Hapo mwili hupeleka seli zake za kinga kupigana. Damu hujaa mahali hapo, pakawa pekundu, pakavimba na kuwasha. Matofali ya ule ukuta nayo huachana.

Hatari iko hapa: miongoni mwa seli za kinga zinazokusanyika zimo zile ambazo virusi vya Ukimwi huzitafuta ili viingie na kuzaana ndani yake. Mwili umeita askari waje kulinda mlango, kumbe adui anawatafuta askari hao hao.

Tena si kila mara utahisi mwasho. Klamidia, kwa mfano, hukaa kimya kwa wanawake wengi.

Mimba na miezi baada ya kujifungua

Wakati wa mimba homoni hubadilika, na fangasi hupata nafasi zaidi. Baada ya kujifungua, huenda kukawa na michubuko au mshono ambao haujapona. Homoni ya estrojeni hushuka, hasa kwa mama anayenyonyesha, na uke huwa mkavu na ngozi yake nyembamba. Bakteria wazuri nao hupungua.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wanandoa 2,751 katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ambapo mume alikuwa na virusi na mke hakuwa navyo. Kwa kila tendo la ndoa, hatari ya mke kuambukizwa ilikaribia mara tatu baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba hadi kujifungua, na mara nne katika miezi sita ya kwanza baada ya kujifungua, ikilinganishwa na wakati ambapo si mja mzito wala hajajifungua karibuni.

Mama akiambukizwa wakati huo, mtoto yumo hatarini pia. Virusi huwa vingi mno mwilini katika wiki za kwanza, na mama humwambukiza mtoto tumboni au kwa maziwa huku kijitabu chake kingali kinaonyesha kwamba hana virusi.

Ufanye nini?

Kwanza, sema mapema. Muuguzi na daktari wamekwisha kusikia mengi, hutawashangaza. Usinunue dawa dukani kwa kukisia, kwani baadhi hazifai mja mzito. Ukikutwa na ugonjwa wa zinaa, mumeo naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Pili, usijioshe ndani ya uke. Maji safi kwa nje yanatosha. Utafiti wa miaka 10 uliofanywa Mombasa miongoni mwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa waliojiosha ndani, hasa kwa sabuni, waliambukizwa zaidi kuliko wasiojiosha.

Tatu, rudia kupimwa: katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, wiki ya sita baada ya kujifungua, kisha kila miezi sita unaponyonyesha. Nenda na mumeo.

Nne, tumieni kondomu hadi hali ya nyote wawili ijulikane. Ikiwa mume ana virusi, ameze dawa zake kila siku. Virusi vikipungua hadi visionekane katika vipimo, hataambukiza kwa tendo la ndoa. Mke naye anaweza kupewa tembe za kinga, yaani PrEP, hata akiwa na mimba au akinyonyesha.

Ukikutwa na virusi, usikate tamaa. Ukianza dawa mara moja na kuzifuata barabara, uwezekano wa kupata mtoto asiye na virusi ni mkubwa sana.

Yule mama alikuwa na trikomona. Tulimtibu yeye na mumewe. Alipopimwa tena hakuwa na virusi, lakini mumewe alikuwa navyo na hakujua. Mume alianza dawa, mke akaanza tembe za kinga. Leo mtoto wao anatembea, na yeye na mama yake hawana virusi. Nyumba hiyo iliokolewa na neno moja lililosemwa mlangoni. Wewe usingoje hadi ufike mlangoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.