Neno KISU: Maana, Umbo na Matumizi Yake

Mwanafunzi, neno kisu unalitumia kila siku jikoni, na huenda ndiyo sababu ukalipita bila kulisoma. Hata hivyo, kwa neno hili moja unaweza kuulizwa fasili, ngeli, ukubwa na udogo, nahau na methali. Soma kwa makini sehemu nne zifuatazo, kisha ujibu zoezi.

1. Maana ya msingi

Kisu ni kifaa chenye bapa la chuma lenye makali na mpini wa kushikia, kinachotumika kukatia, kumenyea au kuchinjia. Fasili nzuri hutaja umbo na kazi. Ukiandika tu kwamba "kisu ni kitu cha kukatia", utakuwa umeeleza pia msumeno, wembe na shoka.

Usichanganye kisu na panga. Huko Matombo, katika milima ya Uluguru, mkulima hukata mkungu wa ndizi kwa panga. Ndizi zikifika jikoni humenywa kwa kisu. Vilevile, panga (wingi: mapanga) si upanga (wingi: panga), ambao ni silaha ya vita. Hivyo "mapanga yamenolewa" ni habari ya shambani, lakini "panga zimenolewa" ni habari ya vitani.

2. Ngeli na upatanisho

Kisu kipo katika ngeli ya KI-VI. Chunguza mazungumzo haya ya sokoni Morogoro, ambako huuzwa mboga kutoka Mgeta:

Mnunuzi: Shikamoo mama. Naomba unikatie nusu kabichi.
Muuzaji: Marahaba mwanangu. Subiri niazime kisu kwa mwenzangu. Hiki changu hakipati.

Umoja: Kisu hiki changu hakipati.
Wingi: Visu hivi vyetu havipati.
Kosa: Kisu yangu haipati.

Zingatia kitenzi pata. Hapa hakina maana ya kupokea kitu. Kisu kinachopata ni kikali. Kisichopata ni butu, nacho hunolewa.

3. Ukubwa na udogo

Mzizi wa neno hili ni -su, wenye silabi moja tu. Mizizi ya namna hii huchukua ji- katika ukubwa na kiji- katika udogo:

kisu – jisu – kijisu
mtu – jitu – kijitu
mto – jito – kijito

Neno likibadilika, upatanisho nao hubadilika: "Jisu lile limeanguka", wingi "Majisu yale yameanguka". Usiandike "kikisu".

4. Matumizi ya kitamathali

Kanuni ni hii: anza na kisu chenyewe, kisha uhamie kwenye maisha ya watu.

(a) Kushika mpini na kushika makali. Watu wawili wakishika kisu kimoja, huyu mpini na yule makali, kikivutwa hukatwa aliyeshika makali. Maana: mmoja ana uwezo wa kuamua, mwingine ndiye ataumia. Mfano: Mkulima wa Mgeta amekwisha kung'oa karoti, nazo zitanyauka. Mnunuzi ana gari na anaweza kwenda shamba jingine. Katika kupatana bei, mnunuzi ameshika mpini, mkulima ameshika makali.

(b) Kisu kimefika mfupani. Nyama imekwisha kukatwa yote. Maana: taabu imefikia hatua isiyovumilika tena.

(c) Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Linganisha majibu mawili:

Jibu A: Mtu akiwa na kisu kikali atakula nyama.
Jibu B: Aliye na uwezo au aliyejiandaa vizuri ndiye anayenufaika. Hutumika kumhimiza mtu ajiandae kabla ya kushindana na wenzake.

Jibu A limerudia maneno ya methali, halijaeleza maana. Jibu B limetoa maana na matumizi. Andika kama B.

Zoezi

1. Toa fasili ya panga kwa kutaja umbo na kazi.
2. Andika katika wingi: "Kijisu changu kimepotea."
3. Andika katika umoja: "Panga zao zimevunjika."
4. Wakulima wa karoti wa kijiji kimoja wameungana ili wakodi gari lao wenyewe. Kwa kutumia nahau (a), eleza nani sasa ameshika mpini, na kwa nini.