Kodi Ikipunguzwa, Je, Kazi Huongezeka?

Somo la vikundi vya kujisomea katika vyama vya msingi

Kila mwaka, mwezi wa Juni, hotuba ya bajeti inaposomwa Dodoma, wanachama wengi husikiliza redio wakingojea mambo mawili: ni ushuru gani umepunguzwa, na ni fedha gani zitaletwa vijijini. Kesho yake husemwa kwamba sasa vijana watapata kazi. Huenda ikawa kweli, huenda isiwe. Somo hili laeleza jinsi ya kuyapima maneno hayo. Kwa wilaya ya Rungwe yafaa kuanza nyuma kabisa, wakati kodi yenyewe ilipotumika kama chombo cha kuwapatia wenye mali watu wa kuwafanyia kazi.

Serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Asiyekuwa na fedha aliweza kuilipa kwa jasho lake. Waingereza walipoitwaa nchi waliendeleza kodi ya nyumba na ya kichwa. Rungwe ilikuwa nchi ya neema, yenye ndizi, maziwa, maharage na mvua isiyokwisha. Kilichokosekana ni sarafu. Kwa hiyo dhahabu ilipopatikana Lupa, upande wa Chunya, katika miaka ya 1920, vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda huko kuchimba. Wengine walivuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine hadi Afrika Kusini. Katika vitabu vya serikali watu hao walihesabiwa kuwa wameajiriwa. Lakini kwa desturi ya Wanyakyusa kulima kwa jembe ni kazi ya wanaume, na kila aliyeondoka aliacha kazi yake nyumbani bila wa kuifanya. Kodi haikuwa imeongeza kazi. Ilikuwa imeihamisha kutoka shamba lake mtu hadi mgodi wa mwingine.

Kahawa ndiyo iliyoanza kubadili mambo. Mwenye miche aliweza kupata sarafu mlimani kwake, akalipa kodi na kusomesha mtoto bila kwenda Lupa. Hapo kodi haikuwa imepunguzwa hata senti. Kilichokuja ni soko, na baadaye vyama vya ushirika vya kukusanya na kuuza zao hilo. Mwanachama anayejifunza habari ya ajira na alishike hilo kwanza.

Mwaka 1969 serikali ya Tanzania iliifuta kodi ya kichwa iliyotozwa na halmashauri pamoja na ushuru wa mazao. Furaha ilikuwa kubwa. Hata hivyo mwaka huohuo ilianzishwa kodi ya mauzo, na mkulima aliyesamehewa ofisini akaanza kulipa dukani, ndani ya bei ya bidhaa alizonunua. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa zimenyang'anywa mapato yake, zilivunjwa mwaka 1972. Zilirudishwa katika miaka ya 1980, na kodi ya kichwa ikarudi nazo kwa jina la kodi ya maendeleo, hadi ilipofutwa tena mwaka 2003.

Tufanye hesabu sasa. Mwaka 2017 kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3, na mazao ya chakula hadi asilimia 2. Chukueni mfano wa chama chenye wanachama 200, kila mmoja akiuza kilo 150 za kahawa kwa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo. Mauzo yote ni shilingi 120,000,000. Ushuru wa asilimia 5 ni shilingi 6,000,000. Wa asilimia 3 ni shilingi 3,600,000. Tofauti ni shilingi 2,400,000, yaani shilingi 12,000 kwa kila mwanachama.

Je, shilingi 12,000 huajiri nani? Kama kibarua wa kupalilia hulipwa shilingi 6,000 kwa siku, na kama kila mwanachama atazitumia fedha hizo shambani, chama kizima kitakuwa kimeongeza siku 400 za kazi. Si haba. Lakini mwenye kununulia sabuni na mafuta ya kula hajaongeza hata siku moja hapa Rungwe, ingawa hakufanya kosa lolote. Tena halmashauri nayo imepungukiwa shilingi 2,400,000 zilezile. Ikiwa fedha hizo zingelipa watu wa kufyeka na kuchimba mitaro ya barabara ya kijiji, basi siku zilizoongezeka shambani zimetolewa barabarani. Wasifuo punguzo huhesabu upande mmoja wa daftari. Wanaolilaani huhesabu upande wa pili. Katibu wa chama hawezi kufunga hesabu zake namna hiyo, na hakuna sababu ya kuifunga hesabu ya taifa hivyo.

Hayo ni kama fedha zimemfikia mwanachama. Kisheria, anayelipa ushuru wa mazao ni mnunuzi. Punguzo linapotangazwa, kwanza huingia mfukoni mwake, na mkulima hulipata tu kama mnunuzi analazimika kupandisha bei. Hapa kahawa na chai hazifanani. Kahawa iliyokaushwa vizuri yaweza kungoja. Chama huikusanya, huikoboa na kuipeleka mnadani ambako wanunuzi hushindana. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yaliyochumwa asubuhi yapaswa kufika kiwandani siku hiyohiyo, na mkulima aliye karibu na Katumba au Mwakaleli hawezi kuyabeba hadi mkoa mwingine kutafuta bei. Penye mnunuzi mmoja, punguzo la ushuru laweza kuishia kwake bila mtu kuvunja sheria. Ndiyo maana nguvu ya wakulima kujadiliana bei kwa pamoja ina uzito kuliko asilimia zinazosomwa katika hotuba.

Lipo punguzo la aina nyingine ambalo thamani yake hupita shilingi zake. Katika mabadiliko yaleyale ya mwaka 2017, aliyesafirisha mazao yasiyozidi tani moja alisamehewa ushuru. Mama anayepeleka mikungu ya ndizi au magunia machache ya viazi Mbeya hakuokoa fedha nyingi, lakini aliondolewa mabishano na kucheleweshwa getini, na ndizi iliyochelewa ni hasara. Vivyo hivyo mwaka 2003: kijana aliyekuwa akimkwepa mgambo siku ya soko kwa kuwa hana stakabadhi ya kodi aliweza sasa kupanga bidhaa zake Tukuyu mchana kweupe. Kodi ya namna hiyo haikuchukua fedha tu. Ilimzuia mtu kufanya kazi aliyokwisha kuipata. Ikiondolewa, kazi huonekana upesi. Halmashauri zilipoteza mapato, na serikali kuu ikalazimika kuzipa ruzuku ya kufidia pengo.

Tuje kwenye upande wa matumizi. Mwingereza John Maynard Keynes alieleza mwaka 1936 kwamba biashara inapodorora, serikali ikitumia fedha huamsha kazi nyingine, kwa kuwa malipo ya mmoja huwa mapato ya mwenziwe. Ni kweli, lakini yategemea shilingi hiyo hukaa wapi. Kibarua wa barabara akinunua mchele wa Kyela na maziwa ya jirani, shilingi imezunguka nyumbani. Akinunua betri na baiskeli, imekwisha kuondoka. Mwaka 2009, bei za mazao zilipoanguka duniani, serikali ya Rais Kikwete ilitangaza mpango wa kuuhami uchumi wenye thamani ya shilingi trilioni 1.7. Sehemu ya fedha ilikusudiwa kufidia hasara ya vyama na makampuni yaliyonunua pamba na kahawa msimu wa 2008/09. Makusudi yake yalieleweka, maana chama kilichofilisika hakinunui kahawa msimu unaofuata. Lakini baadaye bungeni waliulizwa walionufaika ni akina nani hasa. Fidia ya hasara huokoa kazi iliyopo. Isitarajiwe kuzaa mpya.

Mpango wa TASAF ulioanza mwaka 2012 uliwapa watu wa kaya maskini kazi za ujira, hadi siku 60 kwa mwaka, yaani siku 15 katika kila mwezi wa miezi minne. Mwenye njaa hawezi kuambiwa kwamba siku 60 si kitu. Hata hivyo tofauti kubwa huonekana baada ya siku hizo kwisha. Mtaro uliochimbwa mahali pasipopita maji umeacha ujira tu. Karavati lililojengwa penye kijito ambacho masika hukizuia gari la chai limeacha mizunguko ya uchumaji ambayo isingekuwapo, kwa kuwa chai isiyochumwa kila wiki moja au mbili hukomaa na kuharibika. Mchumaji hupata kazi mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya mawe na saruji aliyoiweka mwingine.

Na fedha za barabara hazidondoki kutoka juu. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli ili kuhudumia barabara za vijijini na mijini. Mwanachama wa Masoko au Mwakaleli huilipa ndani ya nauli na ndani ya gharama ya kusafirisha zao lake. Ana haki, basi, ya kuuliza barabara ipi imetengenezwa. Ruzuku ya mbolea, iliyozinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022 kwa bajeti ya shilingi bilioni 150, ilishusha mfuko wa kilo 50 kutoka zaidi ya shilingi 120,000 hadi shilingi 70,000. Mbolea yenyewe haiajiri mtu. Mavuno makubwa ndiyo huhitaji wavunaji na wapakiaji, na yakikosa wa kuyanunua, hata hao hurudi nyumbani.

Kwa mazungumzo ya kikundi, kila mwanachama aje na stakabadhi zake za mauzo za misimu miwili. Wanakikundi watafute pamoja: ushuru uliokatwa ulikuwa kiasi gani, na bei iliyolipwa ilipanda au ilibaki palepale? Katika fedha alizopata, mwanachama alilipa vibarua siku ngapi? Ni kijito gani kinachozuia magari wakati wa masika, na halmashauri ya kijiji imekwisha kukiandika katika mpango wake? Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi na kupelekwa kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, ili yawemo katika ajenda pamoja na makisio ya mwaka.