Shangazi, kiti cha baiskeli kinanichubua

*Nina miaka 31, ni mwalimu hapa Tanga. Tangu Januari naenda kazini kwa baiskeli ya mtumba, ile ya matairi mapana, kilomita 9 kwenda na 9 kurudi. Nauli nimeokoa, lakini naumia. Sehemu za siri zinawaka, mapajani nina michubuko na vipele. Nilinunua kava la sponji, hali ikazidi. Wifi anasema mwili wa mwanamke haukuumbiwa baiskeli. Mama anasema nivumilie, ngozi itakuwa sugu. Nimsikilize nani? – Mwalimu, Tanga*

Mwanangu, wifi amekosea kabisa. Mama ana robo ya ukweli, nitaifikia. Kila binadamu ana mifupa miwili chini ya makalio ambayo kazi yake ni kubeba uzito anapoketi. Kiti kikiipokea mifupa hiyo sawasawa, nyama laini za mbele hazibebeshwi mzigo. Sasa, nyonga za mwanamke kwa kawaida ni pana kuliko za mwanamume, kwa hiyo mifupa hiyo nayo imeachana zaidi. Baiskeli kama yako mara nyingi huja na kiti chembamba chenye pua ndefu. Ukikikalia, mifupa inabaki pembeni bila pa kushikia, na uzito unaangukia mashavu ya uke. Sponji nayo inaonekana kama huruma, lakini mifupa inapozama ndani yake, katikati inavimba na kukusukuma palepale panapouma, huku ikitunza jasho. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu mwili, pima kiti.

Kupima hakuhitaji duka. Weka kipande cha boksi gumu la karatasi juu ya ngazi ya saruji, ukalie ukiwa na nguo nyepesi, inua miguu kidogo, kisha inuka. Utaona mabonyeo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, ongeza sentimeta 2 hadi 4, zaidi kadiri unavyoendesha ukiwa wima. Huo ndio upana wa kiti chako, na fundi baiskeli anaweza kukutafutia kilichotumika chenye upana huo. Utaambiwa pia ununue chenye tundu katikati. Wapo wanaokisifu, ila watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipopima mgandamizo kwa wanawake waendesha baiskeli, mwaka 2011, walikuta viti vyenye tundu havikupunguza mgandamizo bali viliuongeza. Kijaribu kwanza barabarani, ndipo ulipe.

Utasema huna fedha ya kiti kipya mwezi huu. Haya, spana inatosha kuanzia. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa juu kuliko hapo, utayumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, na kilomita 18 za kuyumba ni msasa tosha. Kilaze kiwe sambamba na ardhi. Pua ikikusukuma, ishushe kidogo tu, maana ukizidisha utateleza mbele na viganja vitauma. Hata mashindanoni jambo hili lilileta ubishi: hadi 2016 kanuni za kimataifa zilitaka kiti kiwe karibu bapa, kisha zikaruhusu mwinamo wa hadi nyuzi 9, baada ya Waingereza kulalamika kwa ajili ya wanawake wao. Usukani nao upandishe. Utafiti mwingine wa Yale, wa 2012, uliohusisha wanawake 48 wa mashindano, ulionyesha kuwa usukani ulio chini ya kiti huongeza mgandamizo mbele na kupunguza hisia.

Sasa robo ya mama. Maumivu ya ile mifupa hupungua baada ya wiki chache, hilo ni kweli. Nyama laini hazina usugu huo. Hannah Dines, Mwingereza wa Paralimpiki, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji kwa uvimbe wa sehemu za siri uliojengeka kwa miaka ya kuvumilia kiti.

Kuhusu ngozi, vaa bukta ya baiskeli yenye pedi chini ya sketi au dera, bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayokata. Najua utashtuka, lakini bukta ndiyo chupi yenyewe. Ifuliwe kila siku na ikauke juani, hivyo uwe nazo mbili. Mafuta ya mgando kidogo kwenye mikunjo ya mapaja yanapunguza msuguano. Ukifika shuleni badili, usifundishe na jasho. Oga kwa maji tu sehemu za siri. Sabuni za manukato na dawa za kuua vijidudu huikausha ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Wembe pia una lawama. Kabla ya Olimpiki ya Rio, 2016, chama cha baiskeli cha Uingereza kiliita wataalamu wa msuguano na wa afya ya wanawake, na ushauri mmojawapo kwa wachezaji ulikuwa kuacha kunyoa, kwa kuwa nywele hukinga ngozi. Msomaji Mwislamu ataniuliza kuhusu sunna ya kunyoa. Sunna imeweka ukomo wa siku 40, haikukuagiza ushike wembe kila Ijumaa. Nyoa siku ambayo kesho yake hupandi baiskeli.

Pumzisha baiskeli hadi michubuko ikauke. Ukiona jipu, usaha, homa, uvimbe wa upande mmoja au ganzi isiyoisha, nenda zahanati na umweleze mhudumu waziwazi kwamba unaendesha baiskeli. Majipu yakirudi-rudi, omba wakupime sukari pia.