MTO NA WENYE KUUTUNZA

Mzumbe ni mahali karibu na mji wa Morogoro. Mto wa hapo humwaga maji yake katika Bwawa la Mindu, pamoja na mto Ngerengere utokao milima ya Uluguru. Wakati wa kiangazi mtu huweza kuuvuka kwa miguu; masika yakija, hufurika na kuchukua mashamba.

Sababu yake ni hii. Penye miti, mizizi hushika udongo, na mvua huingia ardhini polepole. Mteremko ukifyekwa, maji hushuka kwa kasi pamoja na udongo. Udongo huo hujaza njia ya mto, nao mto ukikosa nafasi huingia majumbani mwa watu.

Basi, ni nani apaswaye kuulinda mto? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu katika mita 60 toka ukingoni. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu hutoa vibali vya kutumia maji. Halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo za kulinda kingo, na halmashauri ya wilaya huzithibitisha. Kwa kazi za namna hiyo, chuo cha kufundisha watumishi wa serikali za mitaa kilifunguliwa Mzumbe mwaka 1953. Leo ni chuo kikuu.

Lakini amri peke yake haitoshi. Zamani Serikali ya Kiingereza iliwaamuru Waluguru kukata matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe. Kazi ilikuwa nzito, na wengi hawakuiona faida yake. Mwaka 1955 palitokea ghasia, na mpango ukaachwa. Vivyo hivyo leo, mwenye bustani ya mboga ukingoni hupata humo chakula cha kiangazi. Akifukuzwa bila kuonyeshwa pa kulima, atarudi na jembe lake. Yafaa kwanza asikilizwe katika mkutano wa kijiji.

Hata hivyo, kukawia kuna hasara. Huko Kilosa, katika mkoa huo huo, tuta lililouzuia mto Mkondoa lilikatika, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakawaacha maelfu ya watu bila makao. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI
1. Kwa nini miti ya mlimani huwafaa watu wa bondeni?
2. Sheria ndogo za kijiji huthibitishwa na nani?
3. Kwa nini mpango wa matuta uliachwa?