Kamera ya Kupanda Nayo Kilimanjaro Ukitokea Kizota

Kizota, hapa Dodoma, tunalijua vumbi na tunaujua upepo. Baridi yetu ni ya Juni na Julai alfajiri, na sweta moja huimaliza. Ndiyo maana mtu wa huku akijiandaa kupanda Kilimanjaro huulizia kamera ina megapikseli ngapi na inavuta umbali gani. Aulize kwanza kama itawaka jua linapochomoza mita 5,895 juu ya bahari, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mji wa Dodoma uko kwenye mita 1,100 hivi. Kileleni, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, na baridi hiyo huanza na betri. Umeme wa betri hutokana na kemikali, na kemikali zikipoa huwa nzito kufanya kazi, hivyo betri uliyoijaza jana inaonyesha imekwisha. Usiitupe. Ipashe moto kwapani, nayo itakupa picha nyingine nyingi. Kwa hiyo fedha ya lenzi ya pili inunulie betri. Ukiwa na kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, ambazo skrini zake hula umeme muda wote, beba nne. Zikae mfuko wa ndani kifuani, na usiku ulale nazo.

Jaribio la betri ni la nyumbani. Jaza betri, itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, ilaze ndani ya friza usiku kucha. Asubuhi itie kwenye kamera papo hapo, upige mpaka izime, ukihesabu picha. Ile ya bei ya kutupa isiyo na jina la kueleweka utaijua hapo hapo. Ila usiichaji ikiwa bado ya baridi, utaiua.

Lenzi iwe moja, ya kuvuta kiasi: milimita 24-105 kwa kamera ya sensa kubwa, 18-135 kwa sensa ndogo. Tandiko lililo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ni jangwa lenye vumbi na upepo, si mahali pa kufungua kamera ubadilishe lenzi. Tena mzigo huu utaubeba mwenyewe. Mpagazi ana kikomo cha kilo 20, na anatangulia kambini. Mawingu yakifunguka ghafla, kamera iliyo kwake haikusaidii. Stendi ya miguu mitatu iache. Na kama una simu nzuri tu, nenda nayo bila unyonge: simu yenye joto mfukoni inaishinda kamera kubwa iliyozima.

Vaa glovu mbili, nyembamba ndani ya nene, na ujifunze kubonyeza vitufe ukiwa umezivaa, taa imezimwa. Droni haipandi bila kibali cha hifadhi.

Kilichonisukuma kuandika haya ni barafu. Kati ya 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo la barafu la mlima huu ilitoweka. Ukitoka Stella Point kuelekea kilele cha Uhuru, kuta zilizobaki utaziona kushoto kwako, na picha yako inaweza kuwa ushahidi kwa wajukuu, ipige vizuri. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaitia picha ukijivu. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza moja, na jua likikaza ongeza hadi moja na nusu. Kagua kwenye skrini kwamba barafu bado ina mistari na nyufa. Ikiwa nyeupe tupu, punguza.

Ukishuka, usiingize kamera moja kwa moja penye joto, kwani jasho litaigandia hadi ndani ya lenzi. Ifunge nje kwenye mfuko usiopitisha maji, iingize ikiwa imefungwa, na isiguswe mpaka ipate joto la chumba. Memori kadi itoe kabla hujaifunga, maana hamu ya kutazama picha itakushinda.