Mtoto Aende Shule Kila Siku

Somo la wazazi na wazee wa usharika
Soma kwanza nyumbani: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Luka 2:41-52



Mtu ashukaye Feri alfajiri, hapo Magogoni, huikuta kazi imekwisha kuanza. Mashua zilizokesha baharini zimerudi. Samaki hunadiwa fungu kwa fungu. Hawa wapara magamba, hawa wawasha moto wa kukaangia, na wengine wachukua matenga kuyapeleka Kariakoo na mitaani. Ni kazi ya halali, na nyumba nyingi za Dar es Salaam hupata riziki kwayo. Walakini pengine, katikati ya watu wazima, waweza kumwona mtoto amebeba ndoo, na saa ya kuingia darasani imekwisha kupita. Somo letu la mwezi huu lahusu mtoto huyo.

I. Jina lake liandikwe

Yafaa tujue kwanza amri ya nchi. Mwezi wa Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, chama cha TANU kiliazimu kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi upesi, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwaka wa kulitimiza neno hilo. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaagiza kwamba mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe shule, tena ahudhurie siku zote mpaka amalize. Mzazi ndiye aliyepewa wajibu wa kuyaangalia hayo. Basi angalieni, wapenzi: sheria ina mambo mawili, kuandikishwa na kuhudhuria. Wengi wetu hulitimiza la kwanza, wakadhani wamekwisha.

Wako wasemao, Sina ada. Ada ya shule za msingi za serikali ilikwisha kuondolewa ulipoanza ule mpango uitwao MMEM mwaka 2002. Na waraka wa serikali wa mwaka 2015 ukaondoa ada hata kidato cha nne. Hata hivyo hatusemi kwamba shule haina gharama. Sare, madaftari, viatu, nauli ya daladala na chakula cha mchana, hivi vyote hutoka katika mfuko wa mzazi. Kwa hiyo yampasa mzazi ajiandae mapema kabla ya Januari. Kama cheti cha kuzaliwa hakijapatikana, akifuatie mapema, asingoje mpaka siku ya kuandikisha.

II. Ahudhurie kila siku

Wahenga walisema: Bandu bandu huisha gogo. Tuhesabu pamoja. Mwaka wa shule huwa na siku 194 za masomo, yaani majuma kama 39. Mtoto akizuiwa siku moja tu kila juma, tuseme Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo biashara ni nzuri, hupoteza siku zipatazo 38 kwa mwaka. Kwa miaka 7 ni siku 266. Hizo ni zaidi ya mwaka mzima wa shule! Hata kwa miaka 6 ya elimu ya msingi katika mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, ni siku 228, nazo pia zazidi mwaka mmoja. Jina lake limo daftarini tangu mwanzo hata mwisho, lakini elimu yake imepungua mwaka, na mzazi hakujua, maana alitoa siku moja moja.

Tena hasara hailingani na hesabu ya siku peke yake. Asiyekuwako siku ya kufundishwa kuzidisha, atashindwa siku ya kugawanya. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja. Mtoto huona haya kuuliza. Akiona haya hunyamaza. Akinyamaza sana huichukia shule, na mwisho hutoroka mwenyewe. Hapo mzazi husema, Mtoto huyu ni mtoro. Afadhali akumbuke ni nani aliyemwambia siku ya kwanza, Leo usiende.

III. Neno kwa mzazi mwenye shida

Tumfikirie mama mmoja. Anakaanga samaki, anao watoto watatu, kodi ya chumba yamngoja, na mumewe hayupo. Mtoto wake wa miaka 10 akimsaidia asubuhi, huuza mapema, na unga hupatikana. Mama huyu hamchukii mwanawe, wala hadharau elimu. Tukimhukumu upesi tutakuwa tumemwongezea mzigo, wala hatutakuwa tumemrudisha mtoto darasani.

Jambo hili si geni katika Kanisa letu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule. Alijua kwamba wazazi wataka mikono ya watoto, akashauri wavulana wasome saa moja au mbili kwa siku, na saa zilizobaki wafanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Wasichana nao wapate saa yao ya kusoma. Mwaka 1530 akaandika tena hotuba nzima juu ya kuwaweka watoto shuleni, kwa sababu wazazi wengi waliwatoa ili wapate faida ya biashara. Humo alisema kwamba wenye mamlaka wana haki ya kuwalazimisha raia wapeleke watoto shule, kama wanavyowaita vitani. Saa mbili hazitoshi siku hizi, lakini shauri lake latufaa: kazi ya nyumbani ina wakati wake, na shule ina wakati wake, hii isiile ile.

Basi mtoto na amsaidie mama yake jioni na Jumamosi, kwa kazi ndogo isiyomchosha. Lakini kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14 sheria ya kazi ya mwaka 2004 imekataza. Na sisi tununuao, tukimwona mtoto sokoni saa ya masomo, tusimtume wala tusimpe mzigo kwa kuwa malipo yake ni kidogo. Faida hiyo twaitoa katika maisha yake.

IV. Kazi ya usharika

Kwanza, wazee wa mitaa wapite nyumbani mwezi wa Oktoba, waulize kwa upole: ni mtoto gani afikaye umri wa shule, na ni kitu gani apungukiwacho? Pili, sare zilizowapungukia kimo watoto wetu ziletwe, wapewe wengine bila kutangazwa kanisani. Tatu, akina mama wafanyao biashara pamoja wapeane zamu, mmoja amshikie mwenzake meza, ili mtoto asiitwe. Nne, mwalimu wa kipaimara aulize habari za shule kama aulizavyo habari za Katekisimu. Tano, tuwaangalie mabinti. Binti aliyevunja ungo hukosa siku nyingi kwa kukosa vitambaa vya kumsitiri; na aliyepata mtoto asidhani mlango umefungwa, kwani waraka wa serikali wa Novemba 2021 wamruhusu kurudi shule.

Bwana Yesu alipokuwa na miaka 12 alionekana hekaluni kati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza. Kisha akarudi Nazareti, akawatii wazazi wake. Kusoma hakukumwondolea utii, wala utii haukumnyima kusoma. Samaki hukunjwa angali mbichi, nasi tu karibu na Feri, twaijua maana yake kwa macho.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mwezi uliopita mtoto wetu alikosa siku ngapi, na kwa sababu gani?
2. Kazi ipi ya asubuhi yaweza kuhamishwa iwe ya jioni, au ifanywe na mtu mzima?
3. Mtoto akiugua, ni nani atakayempasha mwalimu habari?
4. Jirani yetu ana mtoto asiyekwenda shule? Tumsaidie kwa jambo gani juma hili?