Kuchagua Magitaa na Amplifaya za Bendi

Bendi ya shule ikijaliwa fedha za kununulia vyombo, swali la kwanza huwa, "Gitaa gani ni zuri?" Mimi, mpigaji wa ridhimu, nasema swali hilo halina jibu mpaka tuulize, "Zuri kwa kazi gani?" Fedha zenyewe ni michango ya wazazi, nazo ni chache. Basi yafaa tujue kazi ya kila chombo kabla ya kwenda Kariakoo.

Muziki wa dansi wa mji huu ni mwalimu mzuri. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa Msondo Ngoma, mwaka 1964. Na Mlimani Park mwaka 1978. Katika bendi kama Mlimani Park magitaa hugawana kazi: solo huongoza, solo ya pili huijibu, ridhimu hushika mwendo, na besi huwabeba wote. Magitaa yote yakiwa na sauti ya namna moja, msikilizaji husikia kelele. Kila moja likikaa mahali pake, husikia mazungumzo.

Kwanza, gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, yaani koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule, kwa kanuni aliyoivumbua Faraday mwaka 1831. Ndiyo sababu uzi wa nailoni haufai hapa. Koili moja hutoa sauti kali yenye kupenya, ila hunasa mngurumo wa umeme. Koili mbili zilizounganishwa kwa kupingana hupunguza sana mngurumo huo, na sauti huwa nene. Kwa solo ya dansi mimi napendelea koili moja, kwani husikika kati ya tarumbeta na ngoma bila kupandishwa mno. Kwa ridhimu zote mbili zafaa.

Pili, amplifaya. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde. Ule wa besi mara 41. Sauti ya chini namna hiyo huitaka spika isukume hewa nyingi. Spika ya gitaa ya inchi 12 ikibebeshwa besi kwa nguvu yaweza kuharibika. Besi itafutiwe amplifaya yake, yenye spika ya inchi 15 au spika nne za inchi 10.

Tena, tusidanganywe na hesabu ya wati. Wati 100 hazitoi sauti mara mbili ya wati 50. Zaidi yake ni desibeli 3 tu, ambazo sikio huziona kidogo. Besi ndiyo inayohitaji wati nyingi. Waimbaji na kinanda wasiunganishwe katika amplifaya ya gitaa, maana hiyo hubadili sauti kwa makusudi; wao wapewe spika za ukumbi.

Tatu, kabla ya kulipa tusome kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa volti 120 za Marekani, kikichomekwa bila transfoma, huungua. Tutazame pia omu: spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyokubali omu 4 itapata joto na kufa. Waya wa ardhi usikatwe kamwe, kwani mpigaji hushika nyuzi za chuma huku mdomo wake ukiwa karibu na maikrofoni. Hapo uhai wa mtu ndio ulio hatarini, wala si fedha tu.

Ikiwa fedha hazitoshi, shauri langu ni hili: tuanze na amplifaya nzuri ya besi. Solo na ridhimu zaweza kwa muda kutumia amplifaya moja yenye matundu mawili. Gitaa la bei ndogo lililopangwa nyuzi sawasawa litachezesha watu. Lakini besi ikinyamaza, wachezaji watarudi vitini.